Finjani ya Kocha Mubarak

Badi hanipigii simu ila kwa mambo mawili, mpira na maiti, na msimu wa mpira ulikuwa umeshakwisha. Kwa hivyo simu ilipolia Jumatatu ile baada ya alasiri niliitazama kwanza, nikakaa kitako, ndipo nikaipokea. "Kocha Mubarak," akasema, hata salamu hakutoa. "Wameshamzika, kwao Qurayyat. Wanakaa azaa, matanga, siku tatu. Kesho nakupitia." Nikamwambia kesho nna miadi na daktari wa macho. Ilikuwa kweli, na nilishukuru kuwa ni kweli. Badi akasema, "Nassor, daktari wa macho yupo kila siku," akakata. Mke wangu alikuwa pale ukumbini anakunja nguo. Akaniuliza nani aliyekufa, nikamwambia mwalimu wetu wa mpira wa chuoni. "Yule wa finjani?" akauliza. Maana miaka yote tuliyokaa pamoja katika nyumba hii ya Ansab, hapa Maskati, hajaniona hata siku moja nikiacha finjani chini na kahawa imo ndani, iwe yangu iwe ya mgeni. Mara moja tu, mwanzo mwanzo wa ndoa yetu, nilimwambia kwa nini. Nikamjibu ndiye. Akaweka chini ile nguo, akaniangalia, akasema, "Basi nenda."

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa kiongozi wa mashabiki wa timu ya chuo. Ngoma kubwa ilikuwa yangu, nyimbo nilizitunga mimi, na nikinyanyua mkono jukwaa zima linanyamaza. Sijapata tena cheo kama kile, na nimeshakuwa mkurugenzi wizarani. Tulikuwa na chumba Hamriya, juu ya duka la fundi cherahani, tulichoazimwa na mjomba wake Badi kwa sharti tusipige ngoma ndani. Ngazi zake zilikuwa za chuma na zikinukia mvuke wa pasi. Ndani mlikuwa na jamvi kubwa, mito iliyokwisha pamba, picha ya timu ya mwaka tuliochukua kombe, na kiyoyozi cha dirishani kinachodondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Mpaka leo nikisikia tone linaanguka kwenye plastiki najiona nimekaa pale, mgongo ukutani, nasikiliza watu wanabishana. Kila Alhamisi baada ya alasiri tukikutana, wanafunzi na wale waliokwisha kumaliza chuo wakafanya kazi lakini mapenzi ya timu hayakuwatoka. Mama yake Badi akituletea kachori na mkate wa kumimina, kahawa tukipika wenyewe kwenye jiko dogo la gesi, na mmiminaji alikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa napenda kushika dele la kahawa watu wote wakinitazama. Tulikuwa karibu sote watoto wa Zanzibar. Kiarabu tulikisema darasani na sokoni, ugomvi tukiufanya kwa Kiswahili.

Na ugomvi wa mwaka ule ulikuwa mmoja tu, Kocha Mubarak aondoke au abaki. Tulikuwa tumefungwa mechi tano mfululizo. Badi alikuwa upande wa aondoke, na akisimama kusema kama yuko mahakamani. "Mtu huyu hana mpango. Anawachezesha vijana kama wanasukuma gari bovu. Mbele hakuna, nyuma hakuna, kati wanatazamana." Upande wa abaki alikuwa Maalim Said, aliyetuzidi umri sote, karani wa benki, mpole, akila kachori moja kwa nusu saa. Yeye akisema, "Jamaa, yule mtu amepewa kiwanja cha mchanga na mipira minane, na mwaka juzi kombe alilileta nani? Mmesahau nyinyi?" Badi akimjibu kuwa kombe la mwaka juzi halizuii bao la leo. Watu wakicheka, huyu akiunga hapa, yule kule, na mimi nikiwa katikati, sisemi, kwa sababu nilijua upande nitakaokaa ndio utakaoshinda, na kwa ujinga wa ujana nilikuwa naionea utamu ile hali ya kungojewa. Mkuu wa michezo wa chuo alikuwa ameshatwambia kuwa tukimpelekea karatasi moja yenye majina yetu na la kiongozi juu kabisa, atamtoa. Jina langu lilikuwa ndilo linalongojewa. Kazi ya mtu mzima mwenye watoto ilikuwa mkononi mwa mpiga ngoma.

Lakini mazungumzo yote yakianzia kwa kocha yakiishia kwa golkipa. Akiitwa Thuweni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mrefu, mkimya, mtoto wa kwetu, mama yake akizungumza Kiswahili safi cha mjini. Mechi ya pili ya msimu mpira ulimpita katikati ya miguu, mpira wa kutembea, na tangu hapo mikono yake haikutulia tena. Kocha hakumtoa. Kila mechi akimweka yeye, na kila mechi tukifungwa, na sote tukiuliza swali lile lile: kwa nini hamtoi? Wengine walisema ni jamaa yake, na hawakuwa na ujamaa wowote. Wengine walisema ni ukaidi wa watu wa badia, maana kocha asili yake ni bedui wa Sharqiya, wazee wake ndio waliohamia Qurayyat. Mimi badala ya kuuliza nilitunga wimbo. "Mlango u wazi, hodi ya nini, piteni ndani, mwenyewe hayumo." Huo tu, na ngoma tatu kila mwisho wa mstari. Tukiuimba nyuma ya goli lake, dakika tisini, kwa Kiswahili ili wageni wasifahamu, na tukiona hiyo ndiyo akili. Sasa naona kuwa katika uwanja mzima aliyefahamu kila neno alikuwa yeye peke yake, na alikuwa ametupa mgongo, hana pa kwenda. Wimbo ule ulikuwa mzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nimetunga vitu vingi baadaye, hotuba za mawaziri hata, na hakuna kilichokaa midomoni mwa watu kama kile.

Siku moja, baada ya kufungwa mara ya tano, kocha alinikuta karibu na basi la timu nafunga ngoma yangu kwenye kitambaa. Alikuwa na filimbi shingoni na suruali yake ya mazoezi iliyofifia magotini. Akaniuliza kwa Kiarabu, pole pole, "Ya Nassor, ule wimbo mnaomwimbia Thuweni unasema nini? Kijana hali chakula baada ya mechi." Nikamjibu bila kufikiri hata kidogo, "Tunamtia moyo, mudarrib." Hivyo ndivyo tukimwita, mudarrib, kwa Kiarabu chake. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Mungu akulipe kheri." Nilipanda basi la mashabiki nikaimba njia nzima. Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya mtu aliyenizidi umri nikamwangalia usoni, na niliona rahisi.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndiyo ya uamuzi. Karatasi ilikuwa juu ya jamvi, majina arobaini na kitu, na juu pamebakishwa pahala pangu. Mara tukasikia ngazi za chuma zinalia kwa hatua nzito, mlango ukasukumwa, akaingia Kocha Mubarak mwenyewe. Hatukuwahi kumwona vile. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, kilemba kizuri, na bakora mkononi. Badi akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Katoka harusini huyu." Karatasi akaikalia isionekane. Kocha akatoa salamu, akapeana mikono na kila mtu mpaka wa mwisho, akakaa karibu na mlango, pahala pa mtu mdogo, tukamsogeza juu akakataa. Nikatwaa dele nikammiminia. Akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akaiweka juu ya jamvi mbele ya goti lake, akaweka mikono mapajani. Akanyamaza.

Chini mashine ya fundi ikikimbia na kusimama, kwenye ndoo maji yakidondoka. Nilingoja anywe nimwongeze, au aitikise finjani nijue imemtosha, maana hilo tulilijua, kutikisa. Hakunywa. Nikamuuliza kama amefunga, akasema hapana. Alikuwa ananitazama mimi, si Badi wala Maalim Said, mimi niliyemimina, na katika kunitazama kule mlikuwa na subira na mlikuwa na kitu kingine ambacho siku ile nilikiita kiburi. Nami nilikuwa na khofu yangu. Nilidhani ameshaujua ule wimbo na sasa atasema mbele ya watu wote kuwa nilimdanganya. Nikawa nataka mambo yaishe, anyanyuke, aondoke. Pakapita muda mrefu, kahawa ikaacha kutoa moshi. Basi nikainama, nikaichukua ile finjani mbele yake, nikasema kwa uchangamfu wa uwongo, "Kahawa imepoa, mudarrib. Nikuletee chai?" Nikaimwaga kwenye beseni la kunawia. Nilipogeuka nilimkuta anatazama jamvi, pale ilipokuwa, palipobaki duara dogo la maji. Mmoja wetu akateremka mkahawani akaja na chai ya maziwa na hiliki, tamu ya kukwaruza koo. Akainywa yote mpaka chini. Akasema shukran. Akasimama, akainama mlangoni kuvaa makubadhi kwa muda kama mtu mwenye maumivu ya mgongo, akaniambia, "Fi amani Llah, mwanangu," akateremka zake.

Hata hatua zake hazijesha kwenye ngazi Badi ameshaanza. "Mmemwona? Kahawa yetu najisi, chai inamfaa. Anakuja kwetu kututazama kama sisi watumishi wake." Safari hii hapakuwa na wa kumpinga. Hata Maalim Said alitikisa kichwa akasema, "Kwa kweli si adabu." Badi akainyanyua karatasi kutoka chini ya paja lake, ilikuwa na joto, nikatia jina langu juu. Jumamosi kocha akatolewa. Akaletwa mwengine, kijana, mwenye miwani ya jua, tukashinda mechi mbili tukapiga ngoma mpaka mikono ikavimba, kisha tukafungwa kama kawaida. Thuweni alikaa benchi mechi moja, halafu hatukumwona tena uwanjani, wala darasani, wala mkahawani. Mwisho wa mwaka kitanda chake cha dakhalia walikwisha kumpa mtu mwengine. Hatukuuliza kenda wapi. Nasema hatukuuliza, lakini wa kuuliza nilikuwa mimi.

Ilipita miaka kumi na kitu. Nilikuwa kazini, nimevaa vizuri, na mwenzangu mmoja wa ofisini akanichukua Sharqiya kwenda kumposea ndugu yake mke. Tulikaribishwa, ikaja kahawa. Mzee wa upande wetu akaipokea finjani yake, akaiweka chini mbele ya goti, akaweka mikono mapajani. Mwenye nyumba akamtazama, akasema papo hapo, "Kunywa kahawa yako, haja yako imepita." Mzee akanywa, ndipo akasema alilolijia. Nilimuuliza mwenzangu kwa sauti ndogo ni nini kile, akashangaa kuwa mimi Muomani mzima silijui. Mtu akiwa na haja kubwa, akaniambia, haanzi kusema. Anaiweka kahawa chini, na mwenye nyumba humwambia kunywa, na akishasema hivyo imemlazimu, atatoa atakachoombwa. Na asipoambiwa kunywa? nikauliza. Akasema, "Hilo halitokei. Mtu hamfanyii hivyo hata adui yake." Niliiona mikono yangu inaichukua finjani. Niliisikia kahawa ikianguka beseni.

Tangu siku ile nimekuwa nao ugonjwa huu. Sina neno jengine. Nikiwa kwenye kikao, mtu akaweka kikombe chake mezani asinywe, mimi siwezi kusikiliza linalosemwa. Nyumbani, mtu akiacha mlango wa mbele wazi, wimbo unajiimba wenyewe, na ngoma tatu zake, nami nainuka kwenda kuufunga na wanangu wanadhani naogopa vumbi. Na siku zote swali moja: alikuja kutaka nini? Nilijipa jibu kuwa alitaka abakishwe kazini, na jibu hilo lilinitesa lakini pia lilinipumzisha, kwa kuwa ni jambo la kawaida, watu wanatolewa kazini kila siku. Qurayyat si mbali. Saa moja na kidogo kwa gari, barabara nzuri. Kila mwaka nilisema Idi hii ntakwenda kwa Kocha Mubarak ntamuuliza na ntamwomba radhi, na kila Idi ikatokea safari, au mgeni, au jua kali. Nilikuwa naogopa, ndiyo kweli yake. Mtu mzima na mvi zangu, nikimwogopa mzee ambaye pengine angenikaribisha kahawa.

Jumanne asubuhi Badi alinipitia. Njia nzima alizungumza habari za magoti yake. Nyumba ya kocha ilikuwa nyuma ya minazi na mitende, na kama ilivyo nyumba yenye azaa, milango yote ilikuwa wazi, watu wanaingia bila ya hodi. Nilisimama kizingitini. Badi akanisukuma kidogo mgongoni, akasema, "Ingia, yakhe, unazuia watu." Hakuna aliyeniimbia, na mwenyewe hakuwamo. Tukapeana mikono na wafiwa safu nzima, na wa tatu au wa nne alikuwa mtu mrefu, ndevu nyeupe, mikono mipana. Akanishika mkono asiuachie. "Nassor," akasema kwa Kiswahili. "Mimi Thuweni." Alikuwa mkwe wa marehemu. Aliposema hataki tena chuo, kocha alimchukua kwao, akamtafutia kazi kwenye kiwanda cha barafu bandarini, na baadaye akamwoza binti yake. Mpaka leo yumo kwenye barafu, akasema. Chuoni alikuwa akisomea uhandisi. Nilikuwa nimesahau hilo.

Akatukalisha, akakaa nasi. Badi akasema maneno ya azaa, akaongeza kuwa mzee alikuwa mtu mwema. Thuweni akasema, "Akikutajeni. Akisema watu wa Hamriya walininywesha chai nzuri." Badi akacheka. Mimi sikuweza. Nikamuuliza, "Thuweni, siku ile alikuja kutaka nini kwetu? Alitaka abaki?"

"Abaki?" Thuweni akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Barua ya kuacha kazi ilikuwa mfukoni mwake, kaiandika mwenyewe. Alikuwa tayari kukupeni kazi yake. Alitaka muuwache ule wimbo." Akanyoosha kanzu yake magotini. "Mie nilikwisha kumfasiria maneno yake, na nilikwisha kumwambia naondoka. Akanambia ngoja mpaka jioni, mwanangu, nna haja kwa watu. Nikangoja kwenye gari lake, pale chini, mbele ya fundi cherahani."

Akaja kijana na dele, lakini Thuweni alinyanyuka akalitwaa mwenyewe, akammiminia Badi, akanimiminia mimi. Nikaipokea kwa mkono wa kulia. Sikuwa nimepanga. Mkono wangu wenyewe ulikwenda chini, nikaiweka finjani juu ya busati mbele ya goti langu, nikaweka mikono mapajani.

Watu wa pale wanajua maana yake. Mazungumzo yakakatika upande wetu, kisha upande wa pili, mpaka majlisi nzima ikawa kimya, wazee wanamtazama Thuweni wakingojea neno. Naye amesimama juu yangu na dele mkononi. Hakukasirika, wala hakucheka. Alinitazama kama anayetafuta kitu cha zamani usoni mwangu, na alitazama kwa muda mrefu, na kahawa yangu ikaacha kutoa moshi. Kisha akainama, akaichukua ile finjani, akasema kwa Kiswahili ili wengine wasifahamu, na kwa upole ambao sitausahau, "Kahawa imepoa, Nassor. Nikuletee chai?"

Ilikuja ya maziwa, ina hiliki na sukari nyingi. Nikainywa yote mpaka chini, nikasema shukran, nikenda kutafuta makubadhi yangu.